Damu kuvilia kichwani baada ya ajali: kwanini daktari anauliza kwanza "saa ngapi?" (uzi mrefu, watu wa pikipiki pitieni)

MwalimuFuwele

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mi ni mwalimu wa kemia hapa Mwanza, shule ya kata, sio daktari, nalisema hilo mapema mtu asije akashika maneno yangu akaacha kwenda hospitali. Huu uzi nimekaa nao moyoni toka mwezi wa nne, leo nauandika wote.

Mdogo wangu ni bodaboda, kijiwe chao kipo Buhongwa. Jumamosi moja saa 12 na nusu jioni akagongwa na haisi pale Mkolani, helmeti alikuwa nayo ila ilikuwa imening'inia kwenye saiti mira, akarushwa akapiga kichwa upande wa kulia juu kidogo ya sikio. Akanyanyuka mwenyewe. Akajipangusa vumbi, akaulizia simu yake, wenzake wakamwambia mshukuru Mungu kaka, wakampakia wakampeleka nyumbani. Njiani wakapita duka la dawa wakapewa panado na diklofenaki. Mi nimefika kwake saa 2, nimemkuta anakula ugali na dagaa, anasema kichwa kinagonga tu basi. Nikamwambia lala upumzike. Hayo maneno yametoka kwenye mdomo wangu mimi.

Saa 5 usiku shemeji ananipigia analia. Ametapika mara mbili, anaongea vitu havieleweki, mboni ya jicho la kulia imepanuka kuliko ya kushoto. Tukamtia kwenye bajaji, hospitali ya kwanza siti skani (mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa) hakuna, tukapewa karatasi ya rufaa, tukazunguka tena kutafuta gari, tumefika kwenye hospitali kubwa saa 7 na robo. Daktari dada mmoja wa zamu hakuuliza bima wala jina, kauliza "ajali imetokea saa ngapi?" Nikamjibu saa 12 na nusu. Akahesabu kichwani, akamgeukia nesi akasema traneksamiki hatumpi, muda wake umepita, andaeni thieta.

Walimfungua wakatoa damu iliyovilia. Yupo hai, anatembea, mkono wa kushoto bado mzito.

Sasa nimekaa kwenye benchi pale koridoni mpaka alfajiri na swali moja. Nesi alishanieleza kwamba hiyo traneksamiki ni dawa ya kuzuia damu kutoka. Mbona mdogo wangu tatizo lake ni damu IMEGANDA kichwani? Utampaje mtu mwenye damu iliyoganda dawa ya kugandisha? Nimekuja kulipata jibu baadae, na kilichonishangaza ni kwamba jibu lipo kwenye somo langu mwenyewe, kwenye maumbo ya fuwele (zile punje zinazong'aa kama za chumvi na sukari). Nitaendelea, ngoja nifunge ofisi kwanza.

Kijiwe_Buhongwa

Mwalimu pole sana. Huyo dogo namfahamu, tulichanga kijiweni. Aliyempeleka nyumbani ni mimi hapa naandika. Tuliona anaongea vizuri tukajua kapona, damu hata tone hamna, ningejua ningepitiliza nae hospitali moja kwa moja. Nisamehe kaka.

MwalimuFuwele

Kaka hujanikosea, mi msomi wa familia ndo nilimwambia alale. Tusameheane wote.

BintiKirumba

Jamani mbona inatisha, mtu anaamka anakula ugali alafu masaa matano baadae yupo thieta? Hiyo inakuaje?

Nesi_Ziwa

Mi ni nesi, wodi ya majeruhi nimekaa miaka 9. Dada BintiKirumba hiyo tunaiona sana. Mfupa wa panja ni mwembamba, na kwa ndani yake pamepita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka mshipa unachanika, damu inaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, kidogo kidogo. Mwanzoni ubongo unavumilia, mtu anaongea anacheka anakula, nafasi ikiisha ndo anabadilika ghafla, anatapika, analala fofofo, mboni moja inapanuka kwa sababu ubongo unasukumwa unabana neva ya jicho. Kwa hiyo kile kipindi cha "amepona" ndo kipindi damu inatoka ndani. Na wazee inakuwa tofauti, kwao inachanika mishipa midogo ya veni, inavuja polepole, bibi anagonga kichwa leo wiki 3 baadae ndo anaanza kusahau majina ya wajukuu na kuburuza mguu, watu wanasema uzee.

Halafu mwalimu ile diklofenaki, naomba watu wanisikie vizuri. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazuia chembe sahani za damu (vile vichembe vinavyowahi kuziba kidonda) kushikana. Mtu kagonga kichwa hujui ndani kukoje usimpe hizo kabisa. Aspirini ndo mbaya zaidi, chembe sahani iliyoguswa na aspirini haiponi mpaka ife yenyewe, siku 7 mpaka 10. Maumivu panado, na kwenda kuonwa.

MwalimuFuwele

Wabeja sana dada, umenisaidia kazi. Sasa niingie kwenye swali langu.

Kitu cha kwanza kilichonifungua macho: damu kuganda sio tukio moja, ni watu wawili wanashindana. Mmoja anasuka wavu, mwingine anaukata. Mshipa ukichanika chembe sahani zinaziba kwanza, alafu mwili unatengeneza nyuzi za protini inaitwa fibrini, zinajisuka pale kama wavu wa dagaa, matundu madogo madogo, chembe nyekundu zinanasa humo, ndo kidonda kinaziba. Lakini mwili hautaki wavu ukae milele maana utaziba mshipa mzima, kwa hiyo una mkasi wake unaitwa plazmini. Plazmini inakata nyuzi za fibrini kipande kwa kipande. Kwa mtu mzima wa afya hawa wawili wanaenda sawa.

Kichwa kikipigwa sana mizani inavurugika. Ubongo una kiwango kikubwa cha kile kitu kinachowasha kuganda kwa damu, tishu ikipondeka kinamwagika, damu inaanza kuganda hovyo mpaka malighafi zinapungua, na wakati huohuo mkasi nao unawashwa kwa nguvu. Kwahiyo lile ganda limejitahidi kuziba ateri ya mdogo wangu, plazmini inalikata, damu inaanza upya, linaziba, linakatwa, usiku mzima. Ile bonge la damu analotoa daktari thieta lilikuwa linaongezeka kwa sababu PALE KWENYE TUNDU wavu haukai.

Kwahiyo traneksamiki haigandishi damu wakuu. Inaushika mkono wa anayekata wavu. Ule wavu ambao mwili umesuka wenyewe unabaki mahali pake. Hapo ndo nikaelewa kwanini ina muda, ukichelewa damu imeshajaa, kushika mkasi hakutoi damu iliyokwisha kumwagika.

NgwanaMagu

Mwalimu umenena. Mfano wa wavu huo hata babu yangu angeelewa. Ila hujafika kwenye fuwele bado, na uliahidi kule mwanzo.

MwalimuFuwele

Nakuja huko, na naomba mnivumilie kwa sababu hapa ndo napapenda.

Asidi ya traneksamiki ni molekuli ndogo tu. Kaboni 8, haidrojeni 15, naitrojeni 1, oksijeni 2, basi. Ni unga mweupe wa fuwele unayeyuka kwenye maji kama chumvi. Ukiona kitu kidogo hivyo kinashika protini kubwa kama plazmini unajiuliza kinashikaje, na hilo huwezi kulijua kwa kuangalia fomula ubaoni, lazima uone atomi zimekaa wapi.

Kuona atomi ndo kazi ya fuwele. Chukua sukari guru uivunje, zile punje zinazong'aa, ndani yake molekuli zimejipanga mistari kwa mistari kama tofali. Mwaka 1912 Max von Laue wa Ujerumani na wenzake wakapitisha eksirei kwenye fuwele wakaona mionzi inatoka na madoa yenye mpangilio. Baba na mtoto, William Henry Bragg na William Lawrence Bragg wa Uingereza, wakatoa hesabu ya kurudi nyuma kutoka kwenye madoa mpaka kwenye nafasi za atomi, wakapewa Nobeli 1915 na mtoto alikuwa na miaka 25. Mwanzo walifanya chumvi na almasi. Vitu vya kaboni vilikuwa vigumu zaidi, hata umbo la pete ya benzini, pete ya kaboni 6, watu walibishana miaka na miaka mpaka mama mmoja Kathleen Lonsdale 1929 akapiga eksirei fuwele ya heksamethilibenzini akaonyesha pete ni bapa, imelala kama sahani. Alafu akaja Dorothy Hodgkin, penisilini 1945, vitamini B12 miaka ya 50, huyu taarifa ya Nobeli yake ya 1964 ilimkuta akiwa Ghana. Wanafunzi wangu wa kike nikiwahadithia hilo wanakaa wima. Leo maumbo ya fuwele za vitu vya kaboni yamehifadhiwa Cambridge kwenye hazina iliyoanzishwa 1965, na 2019 yalivuka milioni moja.

Sasa turudi kwenye dawa yetu. Katikati ina pete ya kaboni 6, lakini hii sio bapa kama benzini, imekunjika umbo tunaloliita la kiti. Ncha moja ina kundi la amino lenye chaji chanya, ncha ya pili kundi la kaboksili lenye chaji hasi. Ndani ya fuwele yake chanya ya molekuli moja inaivuta hasi ya jirani, zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni pande zote, ndo maana unga huo hauyeyuki kwa moto mpaka upite nyuzi 300, wakati molekuli yenyewe ni ndogo namna hiyo.

Na kuna pacha wake. Atomi zilezile, idadi ileile, ila mkono mmoja umegeukia upande mwingine wa pete. Kwenye ile inayofanya kazi, tunayoiita "transi" (trans), mikono yote miwili imenyooka pembeni, mmoja mashariki mmoja magharibi. Kwenye pacha wake, anayeitwa "sis" (cis), mkono mmoja umeinuka juu. Huyo pacha karibu hafanyi kazi kabisa! Atomi zilezile wakuu! Mi nafundisha aisoma, yaani mapacha wa namna hii, miaka 11, vijana wananiuliza sir hii itatusaidia nini, nilikuwa nawajibu itatoka kwenye mtihani.

BintiKirumba

Sasa kwanini huyo pacha hafanyi kazi?

MwalimuFuwele

Dada swali zuri. Plazmini kabla haijawa mkasi inaitwa plazminojeni, inaelea kwenye damu haina kazi. Ina mafundo matano ya protini yaliyosokotwa, yanaitwa kringo, jina la mkate wa kusokota wa watu wa Skandinavia. Mafundo hayo ndo mikono ya kushikilia wavu. Kwenye uzi wa fibrini kuna asidi amino laisini zimejitokeza nje kama vishikizo, kringo inashika kishikizo, plazminojeni inatulia pale, inageuzwa plazmini, inaanza kukata.

Wanasayansi walitengeneza fuwele za kringo ikiwa imeshika dawa, wakapiga eksirei. Picha inaonyesha kringo ina kamfereji. Mwisho mmoja wa kamfereji kuna chaji hasi, mwisho wa pili chaji chanya, katikati kuta za mafuta mafuta. Traneksamiki inalala humo kama mtumbwi kwenye gati, amino yake kwenye hasi, kaboksili kwenye chanya, pete katikati kwenye kuta. Umbali kati ya ncha zake mbili ni karibu angstromu 7 (kipimo kidogo sana cha kupimia atomi), ndo umbali unaotakiwa pale. Pacha mwenye mkono ulioinuka umbali unapungua, hafiki pande zote mbili. Dawa ikishajaa kwenye kringo plazminojeni haina pa kushikia wavu, inaelea inapita zake.

NgwanaMagu

Aisee. Nani aligundua hiki kitu?

MwalimuFuwele

Mama wa Kijapani, Utako Okamoto, na mumewe Shosuke. Baada ya vita kuu ya pili Japani ilikuwa imechoka, maabara haina kitu, wakaamua watafiti damu kwa sababu damu ikipungua watatumia ya kwao wenyewe. Walianza na laisini, wakaenda kwenye asidi inaitwa aminokaproiki, wakatafuta yenye nguvu zaidi mpaka 1962 wakaitangaza traneksamiki, ina nguvu kama mara 27 kuliko ile. Alikuwa akiingia maabara na mtoto wake mgongoni kambeba. Alitaka sana dawa ipimwe kwa akina mama wanaokufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua, akakataliwa na madaktari wa huko. Utafiti huo ulikuja kufanyika, wanawake elfu 20 kwenye nchi 21, Tanzania tukiwemo, ukatoka 2017 ukaonyesha dawa inaokoa. Yeye alifariki 2016 akiwa na miaka 98. Hili mi linaniuma kila nikilikumbuka.

Dk_Zamu

Nimesoma uzi wote, mwalimu hongera, maelezo ya kringo nimeyapenda. Niongeze upande wa wagonjwa maana kuna mahali usije ukaipamba dawa kupita kiasi.

Utafiti mkubwa wa kichwa ulitoka 2019, wagonjwa 12,737, hospitali 175, nchi 29. Waliopewa ndani ya masaa 3, vifo vya kichwa vilikuwa asilimia 18.5 dhidi ya 19.8 kwa waliopewa maji matupu. Tofauti ndogo, kihesabu haikutosha kujivunia. Faida ilionekana wazi kwa walioumia kiasi kidogo na cha kati, wale wanaofungua macho na kuongea, vifo 5.8 dhidi ya 7.5. Waliokuja hawajitambui kabisa, mboni zote hazijibu mwanga, kwao haikubadili kitu, uharibifu ulishatokea. Na 2020 ukatoka mwingine wa Marekani na Kanada wa kupewa dawa kabla ya kufika hospitali, hali ya wagonjwa baada ya miezi 6 haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Kwahiyo sio muujiza. Ni dawa ya bei ndogo inayosaidia watu fulani ikiwahi.

Neno ikiwahi ndo lenyewe. Kwa majeruhi wanaotoka damu na akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, imeonekana kila dakika 15 unazochelewa faida inapungua kama asilimia 10, masaa 3 yakipita hakuna kitu, na kwa majeruhi wa mwili kuchelewa kulionekana hata kuongeza vifo vya damu. Ndo maana yule mwenzangu hakumpa mdogo wako. Alifanya sahihi.

MwalimuFuwele

Asante sana dokta, nimelipokea. Na nafarijika kusikia hilo la mwisho, nilikuwa nimemwekea yule dada kinyongo.

MzeeWaNansio

Vijana shikamooni mnaostahili, wengine marahaba. Mimi nipo Ukerewe. Masaa matatu mnayosema ni mazuri kwa nyie wa mjini. Huku meli peke yake ukisubiri na ukivuka, masaa yenyewe yameisha upo katikati ya maji. Mwaka jana kijana wa jirani aliangukiwa na boriti la mtumbwi kichwani kwenye mwalo, tukakaa nae mpaka asubuhi. Sisi tufanyeje?

Nesi_Ziwa

Shikamoo mzee wangu. Pole sana kwa huyo kijana. Swali lako ndo muhimu kuliko yote humu. Dawa hii haihitaji meli. Ni sindano ya mshipani, gramu 1 polepole kwa dakika 10, alafu gramu 1 nyingine kwenye dripu masaa 8, hospitali ya wilaya inaweza kuianza mgonjwa ndo asafirishwe. Uingereza mwongozo wao wa 2023 unasema aliyeumia kichwa na alama zake za fahamu (zinahesabiwa 3 mpaka 15, 15 ndo anajitambua kabisa) ni 12 kushuka chini afikiriwe kupewa ndani ya masaa 2 bila kusubiri picha ya siti. Kwahiyo mzee msikae nae nyumbani wala msikimbilie bandarini kwanza, mfikisheni kwa mganga wa hospitali ya karibu, mwambieni saa ya ajali, yeye ndo ataamua. Isukumwe na mhudumu tu, ikienda haraka presha inashuka, dozi zikizidi inaleta degedege, isije mtu akainunua akachoma mwenyewe.

MzeeWaNansio

Marahaba mwanangu. Nitalifikisha kwa mwenyekiti wa mwalo, watu wa ziwani hawaijui hii.

Kijiwe_Buhongwa

Mi nina la kuongeza. Watu wa Sengerema sahivi wana unafuu, toka daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe mwaka 2025 unapita dakika chache, zamani kivuko ukikikosa unakaa mpaka uchoke na mgonjwa kwenye gari. Alafu kijiweni tumekubaliana kitu baada ya la dogo: mtu akianguka akagonga kichwa, wa kwanza kufika anatoa peni anaandika saa kwenye mkono wa majeruhi. Maana tukifika hospitali kila mtu anasema lake, huyu saa 1 huyu saa 2, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Mkononi haipotei.

Dk_Zamu

Kaka hiyo ya peni nimeipenda mno. Naomba niibebe niipeleke kazini. Na helmeti ziwe kichwani, tafiti zikikusanywa zinaonyesha inapunguza kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo asilimia 42. Hakuna sindano yangu yoyote inayofika huko.

NgwanaMagu

Mi ni mfugaji, niwape ya ng'ombe maana inaingia humuhumu. Wisconsin Marekani miaka ya 20 na 30 ng'ombe walikuwa wanakatwa pembe tu damu haikati, wanakufa. Ikaonekana ni majani ya malisho yaliyooza yakaota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja akaendesha gari kwenye theluji na ng'ombe aliyekufa na kopo la maziwa limejaa damu isiyoganda, akaenda kumwaga mbele ya mkemia Karl Link chuoni. Ikawachukua miaka, 1939 ndo wakapata fuwele safi za kile kitu kwenye yale majani, kinaitwa dikumaroli. Kutoka hapo ikazaliwa warfarini, kwanza sumu ya panya 1948, alafu dawa ya binadamu miaka ya 50. Mi nilisikia kwa bwana mifugo nikaenda kuisoma mwenyewe, nikakoma kulisha nyasi zenye ukungu.

MwalimuFuwele

Kaka hii sikuijua kabisa! Fuwele tena! Naenda nayo darasani jumatatu.

Nesi_Ziwa

Na hapo kwenye warfarini naomba tusimame kidogo. Huku kwetu wapo wengi wanaoimeza, hasa waliowekewa valvu za moyo za chuma sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Warfarini inazuia vitamini K, ini linashindwa kutengeneza vizuri zile protini za kusuka wavu. Mtu wa warfarini akigonga kichwa, hata kidogo, hata bila uvimbe, ni dharura. Haangaliwi nyumbani.

BintiKirumba

Dada Nesi samahani umenishtua. Mama yangu anatumia warfarini ana valvu miaka 6 sasa. Juzi alijigonga kwenye kizingiti cha jiko, akajipaka maji akaendelea na kazi. Leo anasema kichwa kizito na amelala mchana, sio kawaida yake. Ila anaongea vizuri tu. Nimsikilizie mpaka jumatatu kliniki yake?

Nesi_Ziwa

Hapana mdogo wangu. Leo. Sasa hivi. Chukua daftari lake la kliniki na vidonge vyake, ukifika sema maneno haya: anatumia warfarini, amegonga kichwa juzi, siku na saa. Omba INR ipimwe, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Asimeze kidonge cha jioni mpaka aonwe. Usimpe kitu cha maumivu njiani.

Kijiwe_Buhongwa

Dada upo Kirumba sehemu gani, nina jamaa wa bajaji pale sokoni, namtuma. Nitumie inboksi.

BintiKirumba

Nimekutumia.

Dk_Zamu

Mama mzima anaongea na amewahi, ni vizuri. Kama ikionekana damu kuna vitamini K ya sindano na plazma (yale majimaji ya damu) ya kuongezea, vinarudisha uwezo wa kuganda. Tupe taarifa.

MwalimuFuwele

Tupo nawe dada. Mdogo wangu yupo hapa pembeni anasoma, anasema mwambie aandike saa mkononi kwa mama.

BintiKirumba

Tumefika. Wamempokea bila foleni nilivyosema warfarini. Wamechukua damu ya INR, tunasubiri kuitwa siti. Mama anamuuliza nesi kama nesi amekula. Saa nimeiandika, juzi saa 3 asubuhi, mkono wa kushoto.